Kibaraza cha Shangazi: "Somo Liko Wapi, Mbona Silioni?"

Barua za mwezi huu ni nyingi. Nimechukua tatu tu, ambazo nilizisoma usiku mmoja hapa Morogoro, mvua ikipiga bati na Uluguru yote imefunikwa na mawingu tangu saa kumi jioni. Walioziandika hawajuani. Mmoja yuko Mbagala, mwingine Lindi, wa tatu Arusha. Ila nilipoziweka mezani pamoja niliona zinaulizana: mtu akishapigwa na dunia, ni lazima atoke na funzo mkononi? Asipolipata ana kasoro? Na akilipata, je, ana haki ya kulifurahia?

Majina sitoi, kama kawaida yetu hapa kibarazani, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili mwenye barua asitambulike.

BARUA YA KWANZA

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Mbagala na mume wangu, watoto wawili, na sasa mama yangu mzazi. Nimekuwa karani wa hesabu kwenye kampuni moja kwa miaka tisa. Tarehe 4 mwezi huu niliitwa, nikapewa barua kwamba napunguzwa, nikaambiwa nikabidhi funguo saa ileile. Siku sita baadaye mama akaanguka bafuni. Kiharusi, upande wa kushoto. Tumeruhusiwa hospitali, yuko sebuleni kwangu kwenye godoro.*

*Kinachoniumiza zaidi ni maneno ya watu. Kanisani naambiwa Mungu ana makusudi yake. Mume wangu anasema hii ndiyo nafasi ya kufungua biashara. Kundi letu la WhatsApp la wanawake tuliosoma pamoja kila asubuhi linaleta ujumbe kwamba jaribu lako ndiyo ngazi yako. Nasoma, nakaa, naitafuta hiyo ngazi, siioni. Usiku naamka saa tisa nahesabu madeni mpaka adhana. Wenzangu wakipata shida wanatoka na ushuhuda, mimi nimetoka na ankara za hospitali. Nimeanza kujiona mtu asiyefundishika. Shangazi, somo liko wapi, mbona silioni?*

*Binti wa Mbagala*

Marahaba, binti yangu. Pole ya kazi, na pole ya mama. Nakupa mbili kwa sababu ni mizigo miwili, na nimeona watu wanakupa moja tu tena kwa haraka, wapate kuingia kwenye mawaidha.

Barua yako ilinifikia tarehe 22. Nilihesabu siku kwa vidole kabla sijaimaliza, nikakupigia simu jioni ileile. Wasomaji wengine nao wajue kwa nini, maana hili linawapita wengi. Kwa sheria za kazi za Tanzania, mtu anayeona ameachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA. Anajaza Fomu Namba 1. Wewe ulikuwa umeshatumia siku 18. Zimebaki 12, na wewe umekaa sebuleni unatafuta ngazi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kupunguza watu kama anayefagia ukumbi. Anatakiwa atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na wafanyakazi au chama chao wazungumze kabla uamuzi haujafungwa. Kukuita asubuhi na kuchukua funguo saa ileile kunatia shaka. Halafu kuna stahili ambazo hukunitajia hata moja katika kurasa zako nne: notisi ya siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, au fedha badala yake, likizo ambayo hukuitumia, hati ya utumishi, na kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Miaka yako tisa ni siku 63. Hizo si hela za kununulia nyumba, lakini ni unga, ni dawa ya presha ya mama, ni usingizi wa wiki kadhaa.

Naanza na haya kwa makusudi. Aliyepigwa na jambo hutafuta maana yake kwanza, na watu waliomzunguka wanamsukuma huko, kwa sababu maana haiwagharimu wao chochote. Ujumbe wa asubuhi ni bure. Kukusindikiza CMA kunamla mtu siku nzima na nauli. Siwalaumu wenzako, wengi hawajui kingine cha kufanya. Ila wewe usidhani kwamba kwa kuwa huoni funzo wiki ya tatu, basi una upungufu. Mguu ukivunjika, wiki ya tatu hatumuulizi mtu anakimbiaje sasa.

Na wala usidhani unadeka. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya mambo 43 yanayotikisa maisha ya mtu, kila moja na uzito wake. Kufiwa na mume au mke waliliweka juu kabisa, 100. Talaka 73. Hata kufunga ndoa, tunakopigia vigelegele, walikupa 50. Kufukuzwa kazi 47, na kubadilika kwa afya ya mtu wa nyumbani 44. Jumlisha ya kwako mawili uone: 91 ndani ya siku sita. Orodha ile si mizani ya dukani, na maisha ya Marekani ya miaka ile si ya Mbagala, lakini naipenda kwa jambo moja. Inakubali kwamba vitu hivi vina uzito, na kwamba uzito hujumlishwa.

Sasa nikueleze yangu. Mwaka 1995 nilikuwa kwenye kiwanda cha nguo hapa Morogoro, upande wa kusokota uzi, mwaka wangu wa kumi na tatu. Ulikuwa wakati wa ubinafsishaji, mashirika yanauzwa, na neno "kupunguzwa" lilikuwa linatembea mjini kama kipindupindu. Majina yalibandikwa ubaoni Ijumaa mchana. Langu lilikuwa la tano kutoka chini. Nikapewa bahasha, nikatembea kwa miguu mpaka nyumbani, mbali sana, kwa sababu sikutaka mtu wa kwenye basi aniulize habari za kazi.

Wote tuliotoka pamoja tulikuwa na wazo moja: nunua friji, uza barafu za watoto. Nami nikanunua. Sehemu kubwa ya bahasha ile iliingia kwenye friji. Kisha mgawo wa umeme ukatukuta, barafu zikawa maji ya rangi, na mtaa mzima una friji kama langu. Kwa hiyo mume wako akisema biashara, msikilize kwa upole, kisha mwombe mwaka. Fedha ya kuachishwa kazi usiiweke kwenye biashara ukiwa bado unaamka saa tisa usiku. Nilinunua lile friji kwa sababu nilikuwa natetemeka, nikataka nionekane na mimi nimeshasimama.

Baada ya friji nikawa nauza maandazi stendi ya Msamvu. Nilikuwa na daftari la mauzo, lile la mistari lenye jalada gumu. Kila jioni naandika: unga kiasi gani, mafuta, nimepata nini. Jioni moja, sijui kwa nini, nikaandika pembeni ya hesabu: "Leo 2,340. Nimelia njiani." Kesho yake nikaandika tena neno. Ikawa kila siku hesabu na sentensi moja au mbili, hakuna aliyeona, hata mume wangu. Miezi kama mitano imepita nikalifungua daftari kutafuta deni la mtu wa unga, nikaanza kusoma yale ya pembeni. Nikashtuka. Siku zote za Msamvu nilikuwa nimeandika kuumwa kichwa, kugombana, kulia. Siku ambazo sikwenda stendi, nikabaki kumshonea jirani sare ya mtoto kwa cherehani ya kuazima, hakuna kilio hata kimoja. Na kulikuwa na mstari mmoja ambao ulinikalisha chini: "Nimelala usiku mzima, hakuna zamu." Miaka kumi na mitatu niliichukia zamu ya usiku kiwandani na sikuwahi kumwambia mtu, hata mimi mwenyewe. Nilidhani naililia kazi. Nilikuwa naulilia mshahara, na wenzangu wa mashineni. Kazi yenyewe sikuililia.

Kutokea hapo nikaacha stendi, nikaingia kwenye sare za shule. Nilishona miaka kumi na saba.

Nakueleza hivi uone kitu kilikujaje. Hakikuja kanisani, ingawa kanisani nilikwenda. Hakikuja wiki ya tatu. Kilikuja kwa kuandika kila siku kitu cha kweli kidogo, kisha kukisoma baadaye. Miaka mingi imepita ndipo nikajua kuna mtu aliyelipima jambo hili. James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1986 alichapisha utafiti aliofanya na mwenzake: wanafunzi wa chuo waliandika siku nne mfululizo, dakika 15 kila siku. Walioandika juu ya jambo zito lililowapata, tukio lenyewe pamoja na walivyojisikia, walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya juu juu. Lakini shika na hili: mara tu baada ya kuandika walijisikia vibaya zaidi. Kwa hiyo ukiandika ukalia, hujakosea. Baadaye aliona pia kwamba walionufaika zaidi ni wale ambao, siku zikienda, maneno kama "kwa sababu" na "sasa naelewa" yaliongezeka kwenye maandishi yao. Yaliongezeka siku zikienda. Siku ya kwanza mtu anaandika tu kilichotokea.

Chukua daftari la watoto lililobaki kurasa. Andika dakika 15, watoto wakilala, siku nne. Usitafute somo. Andika ile asubuhi ya tarehe 4: nani alikaa wapi, ulivaa nini, funguo zilikuwa ngapi. Ukiona jambo fulani ni zito mno kuliandika sasa, liruke, lina siku yake. Kisha lifunge, uliweke mbali.

Kuhusu kuamka saa tisa. Watu wa kabila la Washona, kule Zimbabwe, wana neno, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na huko linatajwa kama maradhi kabisa. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili wa huko, Dixon Chibanda, alianza na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsikiliza mwenye mawazo. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa watu 573, ukaonyesha kwamba waliokaa na bibi kwenye benchi walikuwa na nafuu zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma za kawaida. Nimeusoma utaratibu wa wale bibi nikafurahi, maana ndivyo mama zetu walivyokuwa. Bibi hakwambii jaribu lako ni ngazi. Anakuuliza: una matatizo gani, yataje yote. Ukishayataja anauliza: tuanze na lipi? Moja tu. Kisha mnatafuta hatua ndogo ya wiki hii, unaenda, unarudi kumwambia imekuwaje.

La kwako tulilichagua kwenye simu, ile Fomu Namba 1. Nafurahi kuwaambia wasomaji kwamba umeipeleka, mdogo wako akabaki na mama. Hukumu haijulikani, na sikukuahidi. Ila uliniambia kitu nilichokiandika: "Shangazi, usiku ule nililala mpaka saa kumi na moja."

La mama, kwa ufupi kwa sababu fundi wake ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo na unapaswa kumwona mapema, usisubiri apate nguvu kwanza. Msimnyanyue kwa kuuvuta ule mkono wa kushoto, bega la upande uliolegea huchomoka kirahisi. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Kaeni upande wake wa kushoto mkizungumza naye, ageuke huko. Na kila siku mtu mwingine, hata jirani, akae naye saa moja wewe utoke nje ya geti.

Ukifika mahali unaona heri ungekuwa haupo, usiniandikie mimi. Nenda hospitali siku hiyohiyo na umwambie daktari maneno hayohayo, bila kuyapamba.

BARUA YA PILI

*Asalaam aleikum Shangazi. Mimi ni fundi mwashi hapa Lindi, miaka 46. Mke wangu alifariki mwaka juzi kwa saratani ya mlango wa kizazi. Tulihangaika miezi kumi na sita, safari za hospitali ya Ocean Road sikumbuki ngapi. Ameniachia watoto watatu, wa mwisho wa kike, miaka kumi. Zamani nilikuwa mtu wa kutoka alfajiri, kurudi usiku, kutoa hela ya matumizi na kulala. Sikujua kwamba mwanangu wa kati anaogopa radi. Nimejua mwaka jana. Sasa napika, nafua, nahudhuria vikao vya wazazi shuleni, kijiweni sikai tena, na mimi niliyekuwa wa ngumi mkononi sijagombana na mtu tangu mfungo uliopita. Watu wananisifu.*

*Juzi nilikuwa nakuna nazi, binti yangu akasema neno, nikacheka mpaka machozi. Ghafla nikanyamaza. Nikajiuliza: mema haya yote yamekuja kwa sababu yeye amekufa. Angekuwa hai ningekuwa yuleyule wa kutoa hela na kulala. Je, si nimefaidika na kifo cha mke wangu? Tangu siku ile nikicheka naona haya.*

*Fundi wa Lindi*

Waaleikum salaam, baba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikatoka nje kidogo.

Nianze na swali lako moja kwa moja. Hapana, hukufaidika na kifo chake. Kifo kilichukua, hakikuleta kitu. Mwezi wa kwanza baada ya mazishi nyumba yako ilikuwa na nini? Sufuria chafu na watoto watatu wasioongea. Kama kifo kingekuwa kinagawa busara, kila mjane na kila mgane hapa nchini angekuwa mpole, na wewe na mimi tunawajua ambao msiba uliwafanya wachungu mpaka leo. Anayeamka saa kumi na moja kuwasha jiko ni wewe. Aliyekwenda kwenye kikao cha wazazi akakaa peke yake katikati ya akina mama ni wewe. Ungeweza kuwagawa watoto kwa shangazi zao, na hakuna ambaye angekusema.

Wapo wataalamu wawili wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, ambao tangu miaka ya 1990 wanachunguza watu kama wewe: waliofiwa, waliougua, walionusurika ajali. Mwaka 1996 walitoa maswali 21 ya kupima kama mtu amekua baada ya pigo, katika mambo matano: uhusiano wake na watu, njia mpya anazoziona, nguvu asizojua anazo, imani, na kuyathamini maisha. Jambo lao moja nataka ulishike. Wanasema kukua huko hutokana na kuhangaika na yaliyofuata, na kwamba hakuondoi huzuni. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili siku moja, saa moja. Na si kila mtu hukua, na asiyekua hana hatia.

Mimi ni Mkristo, lakini jirani yangu ni ustaadhi, na kuna jioni alinifungulia kitu nisichokisahau. Sisi Waswahili husema baada ya dhiki faraja. Akaniambia, tazama Sura ya Ash-Sharh, aya ya tano na ya sita: imerudiwa mara mbili kwamba *pamoja na* uzito upo wepesi. Pamoja nao. Nilipofika kwenye barua yako, pale nazi iliposimama mkononi mwako, nilimkumbuka. Kicheko chako kilikuja pamoja na machozi, jikoni kwake, kwa mtoto wake. Hakuna ulichomwibia.

Lakini sitakudanganya. Kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo siwezi kuliondoa, nawe unalijua, ndilo linalokuchoma: mwanamume huyu anayepika, yeye hakumpata. Alimsubiri miaka mingi. Hilo ni jambo la kujuta kweli, na majuto ya kweli hayatibiwi kwa kuambiwa hayapo. Mwambie. Nenda kaburini, au kaa uani usiku, umwambie kwa maneno ya kawaida: nilichelewa, nisamehe, mtoto anaogopa radi na sasa najua. Usimwombe ruhusa ya kucheka. Mpe habari tu. Na watoto wasimulie alivyokuwa, hata vituko vyake, hata alivyokasirika, asije akageuka picha ya ukutani ambayo hakuna anayethubutu kuigusa.

Mume wangu alifariki mwaka 2009. Miezi kadhaa baadaye nilisimamia mafundi wakajenga choo kipya uani, nikajadili bei, nikakataa tofali mbovu, nikaona kifua kinapanda kwa fahari. Jioni ileile nikaingia chumbani nikakuta koti lake bado liko nyuma ya mlango. Nikalishika nikalia na vumbi la saruji mikononi. Sikuona kama kimoja kilikanusha kingine, hata wakati ule.

Umeniandikia binti ana miaka kumi. Chanjo ya kukinga saratani iliyomchukua mama yake ipo nchini. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaja kampeni ya dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Nenda kliniki ya karibu au muulize mwalimu wake kama alipata au bado. Mpeleke wewe mwenyewe, mkono kwa mkono, na akikuuliza sindano ya nini, mwambie ni ya mama.

Wanaokusukuma uoe, uliowataja mwishoni mwa barua, pale ambapo sikupachapa hapa, waambie utawaita siku ukiwa tayari.

BARUA YA TATU

*Shangazi, rafiki yangu hapa Arusha amefiwa na mtoto wa miaka minne. Nilikwenda msibani nikashindwa kusema lolote, nikakaa nusu saa nikaondoka. Nimwambie nini ili aone upande mzuri na apate nguvu?*

*Mwenye kuguswa*

Mwanangu, mtoto wa miaka minne amekufa. Hakuna upande mzuri, na usimtafutie. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, nawe hauko ndani yake. Kama siku moja, baada ya miaka, rafiki yako ataona jambo fulani limekua ndani yake, atalisema mwenyewe, nawe utasikiliza. Likitoka kinywani mwako leo litakuwa tusi, hata ukilisema kwa upendo wote ulionao.

Kukaa kwako nusu saa kimya hakukuwa kushindwa. Alikuona.

Unachoweza kusema ni jina la mtoto. Watu wataacha kulitaja wakidhani wanamsaidia, na yeye atakuwa analisikia kichwani mchana na usiku peke yake. Sema, "Nilikuwa namkumbuka jana, alivyokuwa anapenda kupanda juu ya ule ukuta."

Na jambo moja la kufanya. Misiba yetu ina watu wengi siku tatu za kwanza, masufuria makubwa, maturubai, viti vya kukodi. Wanarudi tena arobaini. Kisha turubai linakunjwa, kila mtu kwake. Chukua kalenda sasa hivi, hesabu mpaka siku ya arobaini na moja, itie duara. Siku hiyo nenda asubuhi, na mkate na maziwa. Akitaka kuzungumza, kaa. Asipotaka, vyombo vitakuwepo jikoni, vioshe.